Shamba Lililochezewa Ngoma

Katika shamba la Bwana Kofia, upande wa Njoro, hapakuwa na haja ya mtu kununua gazeti. Habari zote zilipita kwanza nyumbani kwa nyapara Masinde, zikaketi, zikanywa chai, zikatiwa chumvi, ndipo zikaruhusiwa kwenda kwingine. Aliyezipokea mlangoni ni mke wa nyapara, Nabalayo, mwanamke mzito wa sauti na mwepesi wa miguu, aliyetoka Kimilili akiwa msichana na ambaye mpaka leo alipiga hodi kwa watu kana kwamba anawafanyia hisani.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa kuliko zote za wafanyakazi. Ilikuwa na mabati juu, madirisha mawili, na ukumbi ambao ungetosha matanga. Wafanyakazi wengine waliishi kwenye laini, safu ya vyumba vya udongo kule chini karibu na kisima, familia moja chumba kimoja, na ukipiga chafya usiku unaambiwa pole na jirani wa tatu. Nyumba ya mabati ilikwenda na kazi: aliye nyapara ndiye anayelala humo. Masinde aliipenda kwa sababu haikuvuja. Nabalayo aliipenda kwa sababu ilijaa.

Na ilijaa kweli. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, angekuja Obura, dereva wa trekta, na kodiani yake begani kama mtoto mgonjwa. Angekuja Wangeci, aliyerejea shambani majuzi baada ya kuhamishwa huku na huku na serikali, na ambaye alikuwa na miaka mingi ya umbea wa kufidia. Wangekuja wengine ambao hata Nabalayo hakuwajua vizuri, akawapa chai, na kufikia kikombe cha pili alikuwa amejua mpaka waliyemkimbia kwao.

Masinde alikaa pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Kuna vibarua waliofanya kazi chini yake msimu mzima wakidhani ni bubu aliyepewa cheo. Akifurahi alinyamaza. Akikasirika alinyamaza vilevile, na Nabalayo alijua tofauti kwa jinsi anavyovua viatu. Na hakuwa mtu wa ngoma. Mara ya mwisho alicheza siku ya harusi yake na Nabalayo, akamkanyaga bibi harusi mguu, na tangu hapo ngoma ikianza yeye hukumbuka ua wa kukagua.

Basi, mwaka ule wa hamsini na saba, kabla ya masika, Bwana Kofia alijiandaa kwenda likizo Ulaya kwa meli. Jina lake halisi lilikuwa refu na halikumkaa mtu mdomoni. Aliitwa Kofia kwa sababu hakuna mfanyakazi aliyewahi kuona kichwa chake. Asubuhi ya kuondoka alimwita Masinde na Kosgei, mkubwa wa ng'ombe, akawasimamisha chini ya tangi la maji, mbele ya kipande cha shamba kilicholimwa kikawa laini kama unga.

"Masinde," akasema Bwana. "Hii kipande iko ya luseni. Ng'ombe yangu kula majani kavu, maziwa kidogo. Ng'ombe kula luseni, maziwa mingi. Wewe sikia?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mbegu iko dogo sana, kama ugoro. Wewe mwaga juu-juu, halafu piga rola. Udongo lazima shika mbegu. Mimi rudi, mimi nataka ona luseni mpaka goti. Kama hapana, Kosgei iko nyapara, Kosgei iko nyumba."

"Ndiyo, Bwana," akasema Kosgei, ingawa hakuwa ameulizwa.

Gari la Bwana lilikuwa halijafika stesheni, Chepkemoi, mke wa Kosgei, alikwisha fika kwa Nabalayo kunywa chai. Katikati ya kikombe alisimama, akaenda dirishani, akaweka kiganja kwenye fremu, akakihamisha, akakiweka tena.

"Unapima nini, Mama?" akauliza Nabalayo.

"Napima tu."

"Dirisha?"

"Mkono wangu."

"Haya. Ukijua urefu wake utuambie na sisi."

Chepkemoi akarudi kuketi, akamaliza chai, akasifu sukari. Lakini tangu siku hiyo Nabalayo hakuweza kutazama yale madirisha bila kuona mapazia ya mtu mwingine. Kurudi laini hakukumtisha kwa ajili ya udongo wala moshi. Kilichomtisha ni kile chumba kimoja. Ukishaweka kitanda na jiko, mgeni wa kwanza anakaa, wa pili anasimama, na wa tatu anasema atapita kesho. Nabalayo hakuwa mtu wa kuambiwa kesho.

Mbegu zikamwagwa vizuri, juu-juu, kama alivyosema Bwana. Ikabaki rola. Rola ilikuwa imevunjika ekseli, na Obura alikuwa ameipeleka Nakuru kwa fundi. Fundi alikuwa mtu mwema sana. Kila Obura alipokwenda kuiulizia aliambiwa arudi wiki ijayo, na aliambiwa kwa upole uleule, na siku nyingine alipewa na kiti. Huku nyuma mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Mau, na kila mtu aliyeelewa kilimo alijua kwamba mvua ya kwanza ikikuta ile mbegu imelala juu ya unga bila kushikwa, itaibeba yote mpaka mtoni.

Masinde akaanza kuvua viatu vibaya. Aliving'oa kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa kingine, na kuviacha hapo vilipoangukia.

Siku moja Nabalayo alikuwa anafagia ukumbi wake. Ilikuwa sakafu ya udongo, lakini udongo uliokaza, mweusi, unaong'aa, na fagio lilipopita lilitoa sauti kavu kama kucha juu ya ngozi ya ngoma. Akasimama. Akagonga sakafu kwa kisigino. Ikajibu: ti.

Masinde alikuwa mlangoni anakunywa chai.

"Baba Khisa," akasema Nabalayo, kwa jina la kifungua mimba wao. "Hii sakafu nani aliishindilia?"

Masinde akaitazama sakafu kana kwamba imeletwa asubuhi hiyo. "Watu," akasema.

"Kwa rola?"

"Kwa miguu."

"Sasa?"

Kwao Kimilili, na hata kwa majirani zao wengi, nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Unamwaga udongo, unanyunyiza maji, unaita watu, na watu wanacheza ngoma ndani mpaka udongo ushikane. Anayekuja kucheza hafanyi kazi, amekuja kufurahi. Na mwisho wa siku wewe una sakafu. Nabalayo hakuona tofauti kati ya ukumbi na shamba, ila shamba halikuwa na kuta za kubania watu.

Masinde akavua kiatu kimoja taratibu, akakiweka. Akavua cha pili, akakilaza kando ya mwenzake. Nabalayo akajua amekubali.

Kulikuwa na jambo la kibali. Siku hizo mkusanyiko wa watu ulihitaji ruhusa ya serikali, na ruhusa ilihitaji sababu. Masinde akalifikiria jambo hilo, kisha akatoa sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule: kwamba watu walio kazini hawajakusanyika, wako kazini.

Wakaja Jumapili baada ya kanisa. Wakaja wa laini, wakaja wa mashamba ya jirani, wakaja wengine kutoka Elburgon waliosikia tu kwamba kuna kitu na hawakungoja kuambiwa ni kitu gani. Wazee waliwekwa ukingoni upande wa juu, kwenye viti, na mtungi mkubwa wa uji uliokaa siku kadhaa, na mirija mirefu. Obura akaketi katikati ya shamba juu ya debe, kodiani mapajani.

"Shemeji," akamwita Nabalayo, "nipige ya polepole au ya kushindilia?"

"Ulikula chakula changu cha polepole?"

"Hapana."

"Basi."

Ikapigwa ya kushindilia. Wangeci akawaongoza wanawake, mstari ukajikunja ukawa duara, duara likazunguka, udongo ukawa unalala chini ya miguu yao kama unga uliokubali maji. Nabalayo alizunguka huku na huku akiwasukuma waliokwepa sehemu. "Hapa hapajaguswa! Wewe wa Elburgon, leta hiyo miguu, au uliikodi?" Kosgei, ambaye alikuwa amekuja kutazama tu, alitazama wimbo mmoja, akavua koti, akaingia. Akawa anaruka. Aliruka mahali pamoja, juu kabisa, mikono imenyooka, na kila alipotua wazee ukingoni walihisi kwenye viti.

"Huyo ndiye rola!" akapiga kelele Wangeci.

Kosgei akaruka zaidi.

Kwa kweli kazi iliisha mapema. Jua lilikuwa halijapinda, Nabalayo alijaribu kwa kisigino: mguu haukuzama, na mbegu zilikuwa zimeshikwa. Hapo ndipo rola ingesimama, ikageuzwa, ikarudi bandani. Lakini rola haina marafiki, na hakuna anayeiachia mtungi wenye kitu ndani. Watu wakaendelea. Kisha mvua ikaanza, rasharasha tu, ya kupoza uso, na hakuna aliyeona sababu ya kuondoka. Udongo uliolowa ukawa unatoa sauti chini ya miguu, pwaa, pwaa, na sauti hiyo ikapendeza, ikaingizwa kwenye wimbo. Nabalayo mwenyewe alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alimwona Masinde mara moja tu, akielekea nyuma ya mti wa mgunga uliokuwa pembeni, kukagua ua.

Ilikuwa ngoma nzuri. Iliongelewa hadi Lanet.

Luseni ilipoota, ilianza kuota ukingoni. Kule walikokaa wazee, ambao siku ile hawakuinua chochote isipokuwa mirija, ilitoka ya kijani kibichi, nene, ikapanda kila wiki kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa juu. Katikati ilitoka pia. Ilitoka rangi ya uji, ikafika urefu wa kidole, ikasimama hapo. Mvua iliponyesha, maji pembeni yaliingia ardhini, na katikati yalikaa juu kama chai kwenye kisahani, mpaka bata wa Bwana wakahamia.

Ukisimama kwenye ngazi ya tangi uliona vizuri. Lilikuwa duara, duara la sawasawa kabisa, kama mtu amebonyeza sufuria juu ya shamba. Katikati yake palikuwa na alama ya mraba, lilipokaa debe la Obura, na humo luseni ilikuwa ndefu, kishungi kimoja cha fahari. Mahali aliporukia Kosgei palikuwa upara mtupu, umeng'aa.

Watu wakaanza kuja kulisoma. Walipanda ngazi mmoja mmoja, wakashuka wakiwa na habari. Hapa alipita Wangeci, mstari wake haukunyooka. Hapa ndipo yule wa Elburgon aliteleza. Na kule nyuma ya mgunga, mbali kabisa na ngoma, palikuwa na upara mwingine, mdogo, umbo la kibuyu, wa kumtosha mtu mmoja au wawili wanaopendana.

Nyumba ya Nabalayo ilijaa mpaka watu wakaketi kwenye kizingiti.

"Ule si wa mtu mmoja," akasema Wangeci. "Mtu mmoja hana sababu ya kwenda nyuma ya mti kukanyaga."

"Msinitazame mimi," akasema Obura. "Mikono yangu ilikuwa na kodiani."

"Tumeuliza mikono?"

"Na miguu ilikuwa kwenye debe. Shahidi ni luseni."

"Mimi najua," akasema mwanamke mmoja wa laini, na ukumbi mzima ukageuka. "Lakini sisemi." Akaongezewa chai, na bado hakusema, kwa kuwa hakujua.

Nabalayo alimimina, akacheka walipocheka, akadai majina kama wengine. Haijapata kujaa hivyo nyumba ile. Lakini Chepkemoi alikuwa amekuja na kitambaa cha maua, akakiweka juu ya ukuta, akarudi nyuma hatua kidogo, akainamisha kichwa.

"Kinaenda na ukuta, si ndiyo, Mama Khisa?"

"Kinaenda," akasema Nabalayo, na akamwaga chai kwenye sahani.

Kila mtu alikuwa na dawa. Wa kwanza akasema ni jicho. Wa pili akasema ni mbegu mbovu, akaulizwa mbona pembeni ni nzuri, akasema mbegu mbovu hupenda kukaa katikati. Obura akashauri maji, wakamwaga maji, bata wakashukuru. Wangeci akashauri samadi, wakaleta samadi kwa toroli, ikalowa ikaelea. Na barua kwa mpishi wa Bwana ilikuwa imefika: Bwana yuko melini, anarudi.

Alasiri moja Nabalayo alichukua jembe akaenda peke yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akaanzia ukingoni, walipokaa wazee. Jembe likaingia lenyewe. Akang'oa mche mmoja: mzizi ukatoka na ukaendelea kutoka, mweupe, umenyooka, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, na bado ulikuwa umekatikia chini.

Akaenda katikati. Akainua jembe, akashusha. Likaruka.

Akashusha tena kwa nguvu, udongo ukabanduka bapa, kama kigae cha chungu. Akauchukua ule mche wa rangi ya uji ulionasa humo, akaupangusa. Mzizi ulikuwa umeshuka kidole kimoja, ukagonga, ukapinda. Ulikuwa umelala ubavu, umejibana, umesambaa pande zote juu ya ile sehemu ngumu, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa akaanza kuizunguka nyumba akitafuta mwingine. Hakuna mlango alioupata. Chini yake palikuwa na maji na kila kitu, na juu yake kulikuwa na jua, naye alikuwa anakufa njaa katikati.

Nabalayo akavua kiatu. Akagonga kwa kisigino.

Ti.

Aliijua sauti hiyo. Aliisikia kila asubuhi akifagia.

Alirudi nyumbani, akakuta watu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akawaambia wapite kesho. Wakaondoka wakiwa na wasiwasi kwamba kuna aliyefiwa. Masinde alipoingia, alimwekea ule mche mezani.

"Baba Khisa, tumetengeneza sakafu."

Masinde akautazama mzizi, akaufuata kwa kidole mpaka ulipopinda.

"Ni mimi niliyewaita," akasema Nabalayo. "Bwana akija nitamwambia ni mimi. Pengine akijua ni ujinga wa mwanamke ataacha nyumba."

Masinde akavua viatu. Alivivua kwa namna ambayo Nabalayo hakuwahi kuiona, kimoja kwa mkono huu, kingine kwa mkono ule, akavishika muda mrefu kabla ya kuviweka.

Bwana Kofia alifika akiwa mwekundu kwa jua la baharini, na kabla ya kuingia nyumbani alishuka chini ya tangi. Watu wote wakamfuata kwa mbali, ambako kulikuwa karibu vya kutosha kusikia. Akasimama juu ya upara wa Kosgei, kwa sababu hapo hapakuwa na tope. Akatazama kijani pembeni, akatazama njano katikati, akazunguka polepole kulifuata lile duara mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akavua kofia.

Watu wakaona kichwa. Kilikuwa na upara wa duara katikati na nywele nene pembeni. Obura akakohoa. Hakuna mwingine aliyefanya chochote.

"Masinde. Nani fanya hii?"

Nabalayo akafungua mdomo. "Bwana, ni mi..."

"Mimi," akasema Masinde.

"Wewe piga rola?"

"Rola iko Nakuru. Nilikanyaga."

"Na nani?"

"Mimi."

Bwana akazunguka tena kwa macho. "Hii yote? Wewe moja?"

"Ndiyo, Bwana."

Kosgei aliyekuwa nyuma ya Bwana akatazama angani, kama mtu anayepima mvua.

"Namna gani kanyaga?" akauliza Bwana. "Onyesha."

Masinde akatazama miguu yake. Kisha, mbele ya Bwana, mbele ya laini nzima, mbele ya bata, akaanza kucheza. Hapakuwa na ngoma wala kodiani. Alikwenda mbele kwa visigino, taratibu, uso umekaza kama anahesabu mikebe ya maziwa, akafika, akageuka kwa mguu wa kushoto kwa mzunguko mpana, akarudi, akageuka kwa mzunguko mdogo, akaenda tena. Mbele, pana, nyuma, dogo. Hakucheza vibaya. Alicheza kama mtu aliyejifunza mahali pasipo na wa kumcheka.

Wangeci alikuwa anaifuata ile miguu. Mbele, pana, nyuma, dogo. Akageuza shingo akatazama nyuma ya mgunga, akaangalia tena miguu, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Kibuyu," akasema kwa ndani.

Nabalayo akaona. Miaka yote hiyo ya kukagua ua. Akajua kwamba lazima aseme, nyumba au si nyumba, akasogea mbele. "Bwana, msikilize, mimi ndiye..."

Masinde akafika kwake kwa mzunguko mpana, akamkanyaga mguu.

Alimkanyaga sawasawa, palepale pa harusini. Nabalayo akanyamaza.

"Bas," akasema Bwana Kofia. Akachukua jembe kwa mtu, akalipiga ardhini kati ya viatu vyake. Likaruka. Akang'oa mche kwa vidole, akatazama mzizi uliolala ubavu, akautazama muda mrefu, akamtazama Masinde kuanzia kichwani mpaka miguuni kana kwamba anakadiria uzito. "Mimi sema shika mbegu. Hapana sema fanya barabara. Kosgei, wewe iko wapi hii wakati?"

"Mimi na ng'ombe, Bwana," akasema Kosgei.

"Mzuri. Kesho wewe nyapara. Masinde iko trekta, saidia Obura. Wakati ya jua kali, vunja hii yote, chini, chini sana." Akavaa kofia, na kichwa hakikuonekana tena mpaka alipouza shamba.

Walihama siku iliyofuata. Hawakuhitaji gari; walikuwa na kitanda, meza, vikombe, na viti ambavyo Nabalayo alijua havitaingia. Walipewa chumba cha mwisho kwenye laini, ambacho aliyetoka alikuwa amekichimba ndani akimtafuta fuko, akahama bila kumpata. Sakafu ilikuwa vumbi na mashimo. Kitanda kikaingia, jiko likaingia, kiti kimoja kikaingia. Masinde akaketi kitandani. Nabalayo akaketi kwenye kiti. Kikawa kimejaa.

Kutoka pale mlangoni waliona nyumba ya mabati, na mapazia ya maua yamekwisha fika dirishani. Chepkemoi alikuwa amealika watu chai. Wakaenda kwa heshima, wakaketi kwa mpango, wakasema kwamba mvua imekuwa nzuri. Kisha wakatazama mapazia. Mmoja akasema yanaenda na ukuta.

"Usilie," akasema Masinde huku chini.

"Nani analia? Ni vumbi la fuko."

Masinde akafikiri. "Nyuma ya mgunga kuna kivuli kizuri," akasema, na ikawa ndiyo maungamo yote aliyotoa.

Jua likiwa bado juu, hodi ikapigwa. Alikuwa Wangeci, na nyuma yake Obura na kodiani, na nyuma ya Obura watu wa laini, na nyuma yao wengine ambao walipaswa kuwa wanakunywa chai kwingine.

"Tumesikia una sakafu mbovu," akasema Wangeci.

"Mtaingia wapi? Hiki ni chumba au ni kiberiti?"

"Tutaingia kwa zamu, shemeji," akasema Obura. "Mimi sitaingia kabisa. Nitapiga nikiwa nje, nimejifunza."

Wakatoa kitanda. Wakamwaga udongo, wakanyunyiza maji, wakaingia waliotosha, wakacheza, wakatoka wamelowa jasho, wakaingia wengine. Foleni ikafika kisimani. Kosgei, nyapara mpya, akaja kuuliza kelele ni za nini na kama kuna kibali. Masinde akamwambia wako kazini. Kosgei akavua koti. Chepkemoi akamfuata kumrudisha, na kwa kuwa alikuwa ametoka nyumbani na sukari mkononi, akabaki.

Nabalayo alisimama mlangoni akiwasukuma. "Pembeni hapo! Nyuma ya mlango hapajaguswa, na hamuwezi kufika kwa sababu ya Kosgei!"

Masinde akamtazama. Akavua viatu, akaviweka nje vizuri, kimoja kando ya mwenzake. Akaingia, akajipenyeza nyuma ya mlango, akauvuta umfunike. Kikasikika kisigino: mbele, pana, nyuma, dogo. Nabalayo akausukuma mlango kwa bega, akaingia naye huko, akaurudisha.

Kiangazi kilipokuja, Obura na Masinde wakavuta kwa trekta jino refu la chuma katika kile kipande cha chini ya tangi, udongo ukatoka mabonge kama vigoda. Mwaka uliofuata mbegu zikamwagwa tena, rola ikiwa imerudi kutoka Nakuru, ikapita mara moja, udongo ukiwa mkavu, ikarudi bandani. Luseni ikafika magotini, duara lote, hata pale aliporukia Kosgei, na maziwa yakaongezeka.

Na katika chumba cha mwisho cha laini, hasa nyuma ya mlango, hapakuota kitu chochote.